Watu wanane, karai 25, chembe tatu: kisa cha siku ya baridi kwenye fungu la Mto Fraser

Watu wanane wanashuka kwenye fungu la kokoto mbele ya mji wa Hope, jimbo la British Columbia, Kanada, Jumamosi ya mwisho wa Februari, kutafuta dhahabu kwa kuosha changarawe kwenye karai. Ni baba na mama, watoto wao wawili wa miaka 8 na 11, bibi wa miaka 67, shemeji, na marafiki wawili wa kazini. Usiku baridi ilifika nyuzi 4 chini ya sifuri. Mchana itapanda hadi nyuzi 3. Maji ya mto yako nyuzi 2, na upepo unateremka kutoka korongoni bila kupumzika. Wamebeba karai sita, makoleo mawili, ndoo tatu, chekeche moja yenye matundu ya milimita 12, jiko dogo la mezani la gesi ya kikopo, na chupa moja ya chai.

Wanaanza saa 4 asubuhi. Saa 8 mchana wanarudi garini. Wameosha karai 25 na kupata chembe tatu za dhahabu, kila moja ndogo kuliko punje ya chumvi. Vidole vya bibi vimekuwa vyeupe kama chaki, gambuti za mtoto mdogo zimejaa maji, na shemeji ameteleza juu ya jiwe lenye barafu akaumia kiwiko.

Kisa hiki tumekiunda kwa kuunganisha makosa yanayojirudia kwenye mafungu ya mto wa aina hii. Si habari ya familia fulani. Tumekipanga hivi makusudi, kwamba watu hawa hawakukosea mto wala msimu, na dhahabu ilikuwepo mita sitini tu kutoka walipochuchumaa. Walichokosea ni namna ya kuishi na baridi. Walipeleka mikono yao kwenye maji ya mto, ilhali walipaswa kupeleka changarawe kwenye maji ya moto. Karibu kila hasara ya siku ile inatoka hapo, hata zile zinazoonekana kama bahati mbaya.

Msimu waliupata

Mtu asiyeujua Fraser atauliza kwa nini familia iende mtoni Februari badala ya Julai. Jibu liko kwenye kipimo cha maji. Mto huu wenye urefu wa kilomita 1,375 unaanzia kwenye milima ya Rocky na kulishwa zaidi na theluji. Wakati wa baridi theluji hubaki milimani, na pale Hope mto hushuka hadi karibu mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Mwezi Juni, theluji ikiyeyuka, hupita 7,000. Fungu unalotembea juu yake Februari liko chini ya mita kadhaa za maji ya matope katikati ya kiangazi. Kwa hiyo baridi ndiyo inayofungua mlango, na anayeikimbia anakuta mlango umefungwa.

Walioumia zaidi kwa kutokujua hili ni watu wa mwaka 1858. Machi mwaka huo, maji yakiwa chini, kundi la wachimbaji lilisimama kupika chakula kwenye fungu moja chini kidogo ya Yale, mji mdogo ulio juu ya Hope kwenye mto huu. Mmoja wao akaona chembe za dhahabu ndani ya kuvumwani, ule uoto wa kijani unaotanda juu ya mawe kama zulia. Waliosha kuvumwani hiyo kwenye karai na hawakuondoka tena. Fungu hilo likaitwa Hill's Bar, nalo likaja kujulikana kuwa tajiri kuliko yote ya mto huu. Tarehe 25 Aprili meli iitwayo Commodore ikashusha watu zaidi ya 400 mjini Victoria kutoka San Francisco, na maelfu wakafuata. Wengi walifika mafungu yakiwa yamekwisha kuzama, wakalipia leseni ya shilingi 21 za Kiingereza kwa mwezi, wakakaa wakiutazama mto umejaa, wakaondoka wakisema wametapeliwa. Waliovumilia hadi maji yaliposhuka ndio waliochimba. Tena, kabla ya wote hao, watu wa Nlaka'pamux walikuwa tayari wanakusanya dhahabu kwenye kingo za mto huu, na wao pamoja na Stó:lō ndio wenye nchi ambayo wageni walijiingiza.

Baridi peke yake haitoshi, lazima iwe baridi kavu. Katikati ya Novemba 2021 mvua kubwa iliyotoka baharini ilikata barabara zote kuu na kuufanya mji wa Hope kuwa kisiwa. Msimu wa kuaminika ni mwisho wa Februari hadi Machi, baada ya wiki moja au zaidi bila mvua kubwa. Kabla ya kuwasha gari, fungua mtandao utazame kituo cha vipimo cha serikali ya Kanada pale Hope, namba 08MF005, ambacho kinapima mto huo tangu 1912. Ukiona mstari wa kina cha maji umelala au unashuka kwa siku tano mfululizo, nenda. Ukiona unapanda, hata kidogo, ahirisha.

Kuhusu sheria, mbele ya Hope na Yale kuna maeneo yaliyotengwa na jimbo kwa ajili ya watu wa burudani. Pale huhitaji cheti cha mchimbaji huru, lakini unaruhusiwa karai na koleo la mkono tu. Kisanduku cha mwalo, yaani mfereji wa kupitishia maji na changarawe, hakiruhusiwi, wala pampu, wala mashine yoyote. Nje ya mipaka hiyo karibu kila fungu lina mwenyewe mwenye leseni, kwa hiyo angalia ramani ya vitalu ya jimbo siku hiyohiyo, kwa maana mipaka hubadilika. Na chimba sehemu kavu tu ya fungu. Samaki aina ya samoni huzika mayai yao kwenye changarawe iliyo chini ya maji wakati wa vuli, na Februari mayai au vifaranga bado vimo humo. Koleo moja lililotumbukizwa ndani ya maji linaweza kuua kizazi kizima cha shimo lile. Hili hatulisemi kwa kuogopa faini. Mto huu umekwisha kuharibiwa vya kutosha na wachimbaji.

Walichimba palipo laini

Kundi lilisimama kwenye mkia wa fungu, ule upande wa chini mto unakoelekea, kwa sababu pale kuna mchanga safi usioumiza koleo. Watoto waliweza kuchimba bila msaada. Ilionekana chaguo la busara kwa familia.

Mchanga safi ni ushahidi kwamba maji yalipungua nguvu kiasi cha kuangusha vitu vyepesi. Dhahabu iliangushwa zamani, juu zaidi. Maji ya Juni yanapofika kwenye kichwa cha fungu, upande wa juu wa mto, hupanuka na kupoteza kasi kwa ghafla. Vizito huanguka hapohapo katikati ya mawe makubwa, na vyepesi huendelea hadi mkiani. Tafuta mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu yaliyoshikamana kama yamejengwa, yenye changarawe ya rangi ya kutu katikati na mistari ya mchanga mweusi. Pakikupa shida kuchimba, hapo ndipo.

Dhahabu ya Fraser pale Hope ni ya unga. Imesafiri mbali na kusagwa hadi kuwa magamba membamba, na kila mwaka maji makubwa huweka tabaka jipya juujuu. Kwa hiyo shimo refu halina maana. Sentimita 20 hadi 30 za juu zinatosha, pamoja na kilichonasa ubavuni mwa mawe. Kuvumwani nayo ikwanguliwe kwa kisu na kuwekwa kwenye ndoo, kama walivyofanya wale wa 1858. Kwangua kiganja kimoja kimoja, usichune fungu zima.

Kosa lililoambatana na hilo ni kutopima. Watu sita walichimba shimo moja kwa saa tatu. Karai tano za majaribio kutoka sehemu tano tofauti zingechukua dakika arobaini na kuwaambia wahame.

Bonge lililotupwa

Usiku wa nyuzi 4 chini ya sifuri hugandisha sentimita 5 hadi 10 za juu za fungu lenye unyevu. Hizo ndizo sentimita zenye dhahabu mpya. Shemeji alivunja ganda hilo kwa koleo, akatia mabonge kwenye chekeche, akatikisa, na kilichobaki juu akakitupa pamoja na mawe. Mabonge hayo yalikuwa na ukubwa wa ngumi, na kila moja lilikuwa changarawe, mchanga mweusi na dhahabu vilivyoshikwa na barafu. Kilichopita kwenye chekeche ni vumbi la chini lisilo na kitu.

Hata bonge dogo linaloingia kwenye karai lina hatari yake. Barafu ni nyepesi kuliko maji. Punje chache za mchanga zilizoshikwa na barafu hupanda juu na kutoka na wimbi la kwanza, na chembe ya dhahabu iliyomo hubebwa kama abiria.

Wachimbaji wa Klondike, kaskazini zaidi, walilijua jambo hili tangu miaka ya 1890. Walichimba majira ya baridi kwa kuwasha moto wa kuni juu ya udongo ulioganda, wakarundika changarawe nje, na kusubiri maji ya masika ndipo waoshe. Hawakujaribu kuosha barafu. Kwenye fungu la Hope huhitaji kuwasha moto ardhini. Unahitaji ndoo na maji ya moto, na hesabu yake ni hii. Chukua kilo 10 za changarawe yenye karibu kilo 1 ya barafu ndani. Mimina lita 8 za maji ya mto ya nyuzi 2, kisha lita 4 za maji ya nyuzi 90. Mchanganyiko utatulia karibu nyuzi 19. Koroga kwa fimbo, subiri dakika 5, koroga tena na uminye mabonge kwa mkono wenye glavu. Usipohisi bonge hata moja, changarawe iko tayari kwa chekeche.

Maji ya nyuzi 2 hayashuki kama ya nyuzi 20

Wengi wanajua kwamba maji baridi huumiza mikono. Wachache wanajua kwamba yanabeba dhahabu. Mnato wa maji ya nyuzi 2 ni kama mara 1.7 ya maji ya nyuzi 20. Kwa jiwe au kipande kinene tofauti hiyo haionekani, lakini gamba la sehemu ya kumi ya milimita hushuka kwa kasi ya karibu sehemu tatu katika tano za kawaida yake. Aliyejifunza kuosha kiangazi ana mpigo wake: tikisa mara kumi, inamisha, osha mara tatu. Mpigo huohuo Februari humwaga dhahabu kabla haijafika chini ya karai. Baba wa familia hii alikuwa mwoshaji mzuri. Alikuwa na kasi ya Julai.

Adui wa pili ni uso wa maji. Gamba jembamba likiwa kavu, au likiwa na mafuta kidogo, hukaa juu ya maji kama jani. Mafuta hutoka kwenye vidole, kwenye krimu ya mikono inayopakwa kwa sababu ya baridi, na kwenye karai jipya la plastiki ambalo halijasuguliwa. Ukiona doa la manjano linazunguka juu ya maji, usifurahi. Hiyo ni dhahabu inayokuaga. Dawa yake ni tone moja la sabuni ya vyombo ndani ya beseni. Sabuni isiingie mtoni, kwa hiyo beseni halikwepeki. Karai jipya lisuguliwe nyumbani kwa mchanga laini na sabuni hadi lipoteze mng'ao na maji yatande juu yake bila kujikusanya kama matone.

Tatu, chekeche la milimita 12 ni kubwa mno kwa dhahabu ya unga. Kokoto ya sentimita moja ikibingirika ndani ya karai huchafua kila kitu kilichotulia. Unahitaji chekeche la milimita 3 kwa kazi ya mtoni, na jingine la milimita 0.8 hivi kwa kazi ya nyumbani.

Jiko lililokataa, na mtoto aliyenyamaza

Kulikuwa na jiko. Saa 5 mama aliliwasha ili apashe maji, na moto ukatoka mdogo wa rangi ya samawati, ukatetema, ukazima. Wakadhani kikopo kimekwisha. Kikopo kilikuwa kimejaa butani, gesi ambayo huacha kuwa mvuke ikikaribia nyuzi 0. Kikiwa juu ya jiwe lenye barafu, butani hubaki majimaji ndani ya kikopo na haitoki. Propani huendelea kutoka hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana kazi hii inataka mtungi wa propani, ule wa kilo 9 unaotumika kwa kuchoma nyama, pamoja na kichomeo kikubwa cha kusimama chini. Kosa dogo la dukani likaondoa maji ya moto, na maji ya moto yakaondoka na kila kitu kingine.

Bila maji ya moto watu sita walichuchumaa ukingoni na kutia mikono mtoni wakiwa na glavu za sufu. Glavu ya sufu iliyolowa kwenye upepo ni mbaya kama kukosa glavu. Ndani ya dakika chache vidole hupoteza hisia, na mkono usiohisi hauwezi kutikisa karai kwa usawa. Bibi aliona vidole vyake vinakuwa vyeupe akaendelea kwa sababu hakutaka kuwavunja moyo wajukuu. Hapa lawama si yake. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kumwangalia. Vidole vikiwa hivyo, viweke kwapani au kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, yanayopimwa kwa kiwiko cha mtu mwingine, kwa sababu mwenye ganzi hawezi kujua kama anaungua. Usivisugue.

Mtoto wa miaka 8 alikanyaga ukingo uliomomonyoka na gambuti zikajaa. Alikuwa amevaa soksi za pamba na suruali ya jinzi. Kwa nusu saa alilalamika, kisha akanyamaza, akakaa juu ya ndoo, na wakubwa wakashukuru kwamba ametulia. Kunyamaza huko ndiko kulikopaswa kuwaamsha. Mwili unaopoa kupita kiasi huanza kwa kutetemeka, halafu mtu anaangusha vitu, anajikwaa, maneno yanamvurugika, anakosa hamu ya chochote. Mtoto hupoa haraka kuliko mtu mzima kwa sababu ana ngozi nyingi kulinganisha na uzito wake. Mtoto aliyelowa miguu kwenye nyuzi 3 na upepo anabadilishwa nguo hapohapo au siku inaishia hapo. Hakuna njia ya tatu.

Na ukingo wenyewe unataka heshima. Wakufunzi wa usalama wa maji nchini Kanada hufundisha hesabu ya 1-10-1 kwa anayetumbukia: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Fraser haikuachii hiyo saa 1, kwa kuwa unakubeba.

Siku ileile, ikipangwa upya

Tuwaache watu walewale wanane, fungu lilelile, nyuzi zilezile. Tubadilishe mzigo na zamu.

Kwenye gari kuna mtungi wa propani wa kilo 9, kichomeo, sufuria la lita 20 lenye kifuniko, mabeseni mawili ya lita 40, ndoo sita, chekeche la milimita 3, makarai manne ya sentimita 36 na mawili ya sentimita 25 kwa watoto, chupa mbili za kufyonzea, na kopo lenye kifuniko la kuhifadhia makinikia, yaani mchanga mzito wenye dhahabu unaobaki baada ya kuosha. Kila mtu ana jozi mbili za glavu nyembamba za sufu na jozi moja ya glavu ndefu za mpira za kuvaa juu yake, hadi kwenye kiwiko. Nguo ni sufu au sintetiki. Pamba ibaki nyumbani. Kila mtoto ana mfuko wa nguo kamili za kubadilisha, pamoja na gambuti za akiba. Nyayo za meno ya chuma za kufunga chini ya viatu zinamtosha kila mtu mzima, na kiwiko cha shemeji kinapona kabla hakijaumia.

Saa 4 asubuhi kichomeo kinawashwa kabla ya koleo kugusa ardhi, mahali pasipo upepo nyuma ya gogo kubwa, mita ishirini kutoka majini. Lita 10 za maji kutoka nyuzi 2 hadi 85 zinakula kama gramu 150 za propani ikiwa nusu ya joto inapotea hewani, na siku ya upepo hupotea. Mtungi wa kilo 9 unatosha siku nzima na masazo. Beseni la kuoshea linapewa lita 25 za maji ya mto na hizo lita 10 za moto, linatulia karibu nyuzi 25, tone moja la sabuni linaingia. Beseni la pili linawekwa chini ya lile la kwanza kupokea maji yanayomwagika, ili dhahabu ikitoroka iokotwe na maji yenye sabuni yasifike mtoni. Mwisho wa kazi maji hayo yanamwagwa ardhini, mbali na ukingo.

Wakati maji yanachemka, baba na mtoto mkubwa wanatembea na koleo na karai. Wanachukua sampuli tano: mbili kichwani mwa fungu, moja nyuma ya jiwe kubwa, moja kwenye mstari wa mchanga mweusi, moja katikati. Kila sampuli ni kilo 3 hivi iliyopita kwenye chekeche. Mtoto anahesabu chembe na kuweka kijiwe kimoja kwa kila chembe pale ilipotoka. Kazi hii watoto huifanya vizuri kuliko wakubwa, macho yao ni makali na hawana haraka ya kukadiria. Chini ya chembe 10, pasahau. Zaidi ya 20, rudi na ndoo.

Saa 5 zamu zinaanza. Wawili wanachimba na kuvunja ganda. Mmoja anabeba, ndoo theluthi moja tu, kilo 10 hadi 12, kwa sababu juu ya mawe yenye barafu mzigo mzito ndio unaoangusha mtu. Mmoja anayeyusha na kuchekecha. Wawili wanaosha kwenye beseni. Mmoja anashika jiko na chai. Wa nane ni mlinzi: hachimbi, haoshi, anaangalia nyuso, vidole na watoto, na neno lake halibishaniwi. Kila dakika 30 watu wanazunguka, isipokuwa bibi anayebaki kati ya beseni na jiko, na watoto wasiokaribia maji chini ya hatua kumi bila mkubwa. Bibi kwa kawaida anakuwa mwoshaji bora wa kundi. Aliyepepeta mchele au kutoa mawe kwenye maharage miaka hamsini ana mkono ambao karai linautaka.

Kuosha kwenyewe kunakwenda polepole. Jaza nusu ya karai, kama kilo 3. Zamisha lote, tikisa kwa ubavu sekunde 20 bila kumwaga chochote. Inamisha hadi ukingo wa mbele uwe usawa wa maji, acha mawimbi mawili madogo yachukue tabaka la juu, kisha rudisha na utikise tena sekunde 10. Pumzika sekunde moja kila baada ya kutikisa. Hiyo sekunde ndiyo malipo ya mnato. Karai moja huchukua dakika 6 hadi 8. Ikibaki vijiko viwili vya mchanga mweusi na wa waridi, ule wa ganeti, acha. Usijaribu kuimaliza hapo. Hesabu chembe kwa haraka, mimina yote kwenye kopo la makinikia, endelea.

Hapa ndipo rafiki mmoja wa kazini, aliyekuja na matumaini ya fedha, anahitaji kuelezwa mapema, ikiwezekana siku ya kualikwa. Gamba la upana wa milimita 0.2 na unene wa milimita 0.03 lina uzito wa karibu miligramu 0.016. Zinatakiwa zaidi ya 60,000 kufikisha gramu moja, na gramu 31.1 ndiyo wakia moja. Kundi likiosha karai 20 zenye chembe 40 kila moja, ambayo ni siku njema, limepata chembe 800, yaani gramu 0.013. Haigawanyiki kwa watu wanane. Kubalianeni kabla ya kutoka nyumbani kwamba yote inaingia kwenye kichupa kimoja na nani anakihifadhi. Urafiki umewahi kuharibika kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Saa 9 alasiri kichomeo kinazimwa, hata kama karai la mwisho lilikuwa zuri. Milima ya Hope hukata jua mapema kuliko saa inavyosema, na ganda la barafu huanza kurudi kivuli kinapofika. Mashimo yanafukiwa na mawe kurudishwa. Wenye nguo zilizolowa wanabadilisha ndani ya gari, injini ikiwa imewashwa na kipasha joto kikifanya kazi. Jiko lolote, la gesi au la mkaa, lisiingizwe ndani ya gari wala hema kwa ajili ya joto. Hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu waliolala.

Makinikia nyumbani

Kazi iliyobaki inafanywa jikoni siku nyingine, na bibi na watoto wanaweza kuimaliza peke yao. Makinikia yapitishwe kwenye chekeche la milimita 0.8, na kila sehemu ioshwe peke yake ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu lenye tone la sabuni. Mchanga mweusi wa magnetiti hutolewa kwa sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya maji, kwa mizunguko midogo. Ukiipeleka sumaku kwenye mchanga mkavu, magnetiti hurukia na kubana dhahabu katikati yake. Kilichotolewa na sumaku kitandazwe kwenye karai jingine na kupitishwa tena mara ya pili. Karibu kila mara chembe kadhaa hupatikana humo. Kinachobaki fyonza kwa chupa, chembe baada ya chembe, na uweke kwenye kichupa kilichojaa maji.

Chunguza rangi kabla ya kufunga kifuniko. Wachenjuaji wa karne ya 19 walitumia zebaki kwenye mialo ya mto huu, kama inavyotumika bado kwa wachimbaji wadogo wa Geita na kwingineko, na mabaki yake bado yamo kwenye changarawe. Gamba lenye rangi ya fedha badala ya manjano, au kishanga kinachong'aa na kubadilika umbo kikiguswa na kijiti, ni zebaki au dhahabu iliyovikwa zebaki. Kiweke peke yake kwenye kichupa kidogo chenye maji, ukifunge kwa nguvu, uandike juu yake, na ukipeleke kunakopokelewa taka hatari. Usikipashe moto, si jikoni wala barazani, na usimpe mtoto achezee.